Pumzi ya Kwanza ya Vali

Ukungu wa Mwese huanzia mabondeni. Hupanda taratibu kati ya miti ya miombo, ukashika mashina, kisha matawi, mpaka mlima unabaki kilele tu kinachoelea juu ya weupe. Asubuhi ile Mzee Anselmo aliupenya ukungu huo akiwa amepakiwa nyuma ya pikipiki ya Didace, dereva wa bodaboda, sanduku la vifaa amelipakata magotini kama mtu aliyebeba mtoto wa jirani. Didace alizungumza njia nzima kuhusu madaraja yaliyosombwa na mvua. Mzee alikuwa akiitikia kwa kichwa kwa adabu, ingawa hakuwa amesikia hata nusu ya maneno yale.

Masikioni mwake mlikuwa na mvumo. Ulianza baada ya masika ya mwaka uliopita, nyumbani kwake Mpanda, na mwanzoni alidhani ni mvua inayokuja kutoka upande wa ziwa. Akatoka kuanua nguo, akakuta anga ni jeupe. Siku zilivyopita mvumo ulitulia, ukawa mtamu. Marehemu mkewe, Angela, aliyezikwa kwao Kasokola, alikuwa na tabia ya kuimba midomo ikiwa imefungwa alipokuwa akichagua mchele katika chumba cha pili. Hakuimba wimbo wowote, alivumisha tu. Mvumo ule ulifanana na huo. Mzee Anselmo alilelewa na mapadri, na maisha yake yote hakuwa ameyapa nafasi mambo ya vivuli na mizimu. Hata hivyo, ilikuwa imefika hatua ya kuzima redio jioni ili apate kuusikia vizuri.

Lakini mvumo ule haukuja bila kuchukua kitu. Kadiri ulivyokaa, ndivyo sauti nyembamba zilivyozidi kuondoka: kwanza ndege wadogo, kisha mluzi wa birika, kisha maneno ya wajukuu waliozungumza haraka. Sauti nene zilibaki. Ngoma aliisikia, gari la mizigo alilisikia, padri mwenye sauti ya kifuani alimsikia. Sauti nyembamba ndizo zilizomkimbia, na kazi yake yote ilisimama juu ya sauti moja nyembamba.

Alikuwa mkaguzi wa vyombo vya mvuke. Juu ya kila chombo kinachofungia mvuke, hata kile cha nguvu ndogo, sheria inadai pawepo vali ya usalama: kizibo kinachokandamizwa na springi, ambacho hujifungua chenyewe mvuke unapofikia kikomo kilichoandikwa kwenye kibao cha chombo. Kikikazwa kupita kikomo, chombo hupasuka kabla kizibo hakijafunguka. Kikilegezwa mno, hutema mvuke kila mara, kiti chake, pale kinapokalia, kikalika, na mwisho hakiaminiki. Katika karakana ya misheni alikosomea ufundi, Bruda aliyemfundisha alikuwa akisema kwamba mshale wa geji humwambia fundi nguvu ya mvuke, bali sikio ndilo humwambia vali imeanza kufunguka lini. Kabla vali haijafunguka kwa kishindo, hutoa pumzi ya kwanza, nyembamba kama uzi unaochanika. Hapo ndipo fundi husoma mshale. Akiikosa pumzi hiyo, amesoma namba ya uongo.

Hakuwa amemwambia mtu yeyote habari za masikio yake. Alijiambia kwamba angemwambia mtu baada ya kazi hii, kama alivyojiambia kabla ya kazi iliyotangulia. Alijua pia, kwa maana hakuwa mtu wa kujidanganya mpaka mwisho, kwamba lakiri yake ya risasi, muhuri wa kuthibitisha kwamba vali imepimwa, ikifungwa juu ya vali asiyoisikia, siku moja kuna mtu atakuwa amesimama karibu na chombo hicho akiwa na imani nacho.

Banda la kikundi cha wanawake wafugaji wa nyuki lilikuwa mwisho wa kijiji, mgongo wake ukielekea mteremko. Mwenyekiti wao, Marsela, mjane mwenye mabega mapana na sauti ya kwaya, alimpokea kwa shikamoo ya kupiga goti, akamkalisha, akampa uji. Ndani ya banda kilikuwepo chombo chenyewe: chungu kikubwa cha chuma chenye kuta mbili, katikati ya kuta kukiwa na maji, na chini yake tanuri la kuni. Maji yale yalipochemka, mvuke wake uliyeyusha nta na kulainisha asali iliyoganda. Wanawake walikipa jina la Bibi, kwa kuwa kilikuwa kinene, kilikaa mahali pamoja, na kilipenda kuguna.

“Bibi amefunga tangu mvua zilipoanza,” alisema Nyamizi, mama kijana mwenye kilemba cha njano, ambaye kazi yake ilikuwa kutunza moto. “Vali ya zamani ilikufa, hii mpya tukaambiwa tusiiguse mpaka uje wewe. Asali imekuwa mawe. Ukiirusha unaua kunguru.”

Marsela alimkanya kwa macho. Mzee hakucheka, ila alipenda jinsi binti huyo alivyozungumza kwa sauti nene, akitamka kila neno mpaka mwisho wake.

Akavaa miwani, akaanza kazi. Kibao cha chombo kilitaja kikomo cha bari moja, kwa kipimo cha nguvu ya mvuke. Vali mpya, iliyofungwa na fundi wa kijijini kwa maelekezo ya simu, ilitoka dukani ikiwa imekazwa kwa kiwango cha juu zaidi. Ndiyo sababu aliitwa. Akakagua geji, akakagua maji, akakagua mkono mdogo wa kujaribia vali. Kutoka ubavuni mwa vali lilitoka bomba la kupitishia mvuke nje, likapenya ukuta wa nyuma na kupotelea upande wa mteremko. Akaligonga kwa spana. Liliitika kwa uzito, kama pipa lenye kitu. Lakini siku hizi vitu vingi viliitika hivyo masikioni mwake, akajilaumu yeye badala ya kulilaumu bomba.

Alisimama ili akalitazame kwa nje, kama sheria inavyotaka, maana bomba la vali halipaswi kuwa na kizuizi cha aina yoyote. Nyamizi akamtangulia mlangoni, akasema kwa upole usio wa kawaida yake, “Mzee, huko nyuma tuna wageni. Usiende na spana, utawashtua.”

Kila mtu huelewa neno kwa malezi yake. Mzee Anselmo alilelewa kwamba mwanamume haendi nyuma ya nyumba ya wanawake wanakopumzika wageni wao, wala hawakodolei macho. Akawaza: ni akina mama waliotoka mbali, labda wana watoto wachanga, labda wanaoga. Akarudi kukaa. Ila alimwuliza Marsela kama bomba huko nje liko wazi, na Marsela akajibu, akitazama mikono yake, kwamba hakuna mtu aliyeligusa tangu fundi aondoke. Halikuwa jibu la uongo. Halikuwa jibu la swali pia, na siku nyingine angelitambua hilo mara moja.

Akaagiza moto uwashwe.

Kuni za Mwese huwaka polepole na moshi wake una harufu ya utomvu. Banda likajaa joto. Vibonge vya nta vilivyopangwa ukutani vikaanza kunukia, na harufu hiyo ilimrudisha kwenye kanisa la utoto wake, mishumaa ya Pasaka, na safu za watoto waliosinzia wakiwa wamesimama. Mshale wa geji ukasogea kidogo. Mzee alisimama chini ya bomba, mkono mmoja umeshika skrubu ya kurekebishia springi, akainamisha kichwa ili asikilize.

Hapo ndipo mvumo ulipomjia kwa namna ambayo haujawahi kumjia.

Ulikuwa mzito na wa karibu. Ulipanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala. Haukuwa tena ule mvumo mwembamba wa jioni za Mpanda, ambao alilazimika kuzima redio ili aupate. Huu ulijaza banda zima, na ndani yake aliweza kutenganisha sauti, moja ikianza, nyingine ikijibu. Akafumba macho. Alimwona Angela ameketi juu ya kigoda, ungo mapajani, vidole vyake vikitembea juu ya mchele, jua la mlangoni likimgusa goti. Mzee hakugeuka. Hakuwa na haja ya kugeuka, kwa kuwa alijua nani yuko chumba cha pili. Mzee Anselmo aliona kwamba angeweza kusimama pale mpaka jioni, na kwamba hakuna mtu ambaye angekuwa na haki ya kumwondoa.

Mshale ulisogea tena.

Nyamizi alisema kitu. Hakumsikia. Akasema tena, akimgusa kiwiko: “Mzee, imefika nusu. Niongeze kuni?”

Swali hilo lilimfanya aone haya, kama mtu aliyekutwa amelala kwenye ibada, na kwa haya hiyo akafanya jambo alilozoea kulifanya nyumbani akitaka kuufukuza mvumo ili amsikilize mtu: aliziba masikio kwa viganja, akakaza. Nyumbani kuziba masikio hakukusaidia kitu. Mvumo ulikuwa ndani, na ukifungiwa ndani huzidi. Lakini hapa mvumo ulikatika. Ulikatika kabisa, kama mlango uliofungwa, na mahali pake ukabaki ule mvumo wake wa siku zote, mdogo, mkavu, wa mbali. Akaondoa viganja. Mvumo mkubwa ukarudi. Akaviweka tena. Ukaondoka.

Alisimama hivyo kwa kitambo, akifunga na kufungua, na wanawake wakamtazama bila kuelewa. Kisha akaweka kiganja kwenye bomba. Bomba lilikuwa likitetemeka.

“Vuta moto,” alisema.

“Mzee, ndiyo kwanza...”

“Vuta moto, binti. Kuni zote nje. Sasa hivi.”

Nyamizi hakuuliza tena. Akazivuta kuni kwa chepe mpaka uani, zikafuka moshi kwenye nyasi zenye umande. Mzee alibaki mbele ya geji, akiutazama mshale uliosita, ukaendelea kupanda kidogo kwa joto lililobaki tanurini, ukasita tena. Ilikuwa kitambo kirefu. Hakuthubutu kuugusa mkono wa kujaribia, kwa sababu hakujua mvuke ungepita wapi. Mshale ulipoanza kurudi nyuma, alitoka nje, akazunguka banda bila kuomba ruhusa ya mtu.

Nyuma ya banda hapakuwa na akina mama. Palikuwa na nyasi ndefu, ukungu uliokuwa ukiondoka vipande vipande, na mdomo wa bomba uliozibwa kwa utomvu mweusi mgumu. Katikati ya utomvu huo kilichomoza kijibomba cha nta, chembamba kama mrija wa kunywea, na juu yake nyuki wadogo wasiouma walikuwa wakiingia na kutoka kwa utulivu wa watu wanaomiliki mahali. Bomba zima lilikuwa nyumba yao. Lilivumisha sauti yao kama baragumu, likaipitisha ukutani mpaka ndani.

Mzee Anselmo hakukasirika kwanza. Kwanza alisikia ukiwa, kama mtu aliyefungua chumba cha pili akakikuta kitupu. Hasira ilikuja baadaye, na ilikuwa nafuu kwake.

Marsela alikuwa amemfuata. Alisimama kwa mbali, mikono ameifungia kwenye khanga.

“Hawa ndio wageni?” aliuliza Mzee.

“Ndio, baba. Ndivyo tunavyowaita. Kwa mama yangu na kwa bibi yangu, nyuki waliokuja wenyewe hawatajwi mbele ya mtu wa nje mpaka wazae. Wakitajwa wanahama.”

“Na uliniona nikiwasha moto.”

“Nilidhani mvuke ungeondoka tu, ungepata njia. Hata Bibi wa zamani alikuwa anavuja huku na huku.”

Mzee alimweleza kwa sauti ya darasani, neno kwa neno, kwamba vali iliyozibwa mdomo ni sawa na chombo kisicho na vali. Kwamba utomvu ule pengine ungetoka kama risasi na pengine usingetoka kabisa. Kwamba neno pengine haliwezi kufungiwa lakiri. Kisha akamwuliza ni nani husimama karibu na tanuri kila siku.

“Nyamizi,” alijibu Marsela.

“Basi ulichagua kumweka Nyamizi mahali pa nyuki.”

“Sikuchagua, baba. Nilinyamaza tu.”

“Kunyamaza ndiko kuchagua kwenyewe.”

Neno hilo lilipomtoka, lilisimama mbele yake likamtazama. Marsela aliinama, machozi yakimlenga, na hakujua kwamba mzee aliyekuwa akimkemea ameacha kumkemea tangu pale. Mzee alivua miwani, akaifuta kwa leso, akaivaa tena. Kwa sauti tofauti akasema kwamba nyuki hao hawatauawa. Bomba litafunguliwa kwenye maungio yake na kuondolewa zima, lakini jioni, wote wakiwa wamerejea; nalo litaning'inizwa chini ya upenu upande wa pili. Yeye atalala kijijini.

Jioni ilikuja bila haraka. Mlima ulikuwa wa zambarau, na moshi wa mapishi ulilala juu ya mapaa kama shuka. Mzee Anselmo aliketi kwenye nyasi akiwatazama nyuki wa mwisho wakirudi mmoja mmoja, wakibeba chavua miguuni. Alisikiliza kwa sikio lililo wazi, kisha akaliziba, kisha akaliacha wazi. Aliweza sasa kutofautisha kipi ni cha nyuki na kipi ni chake. Kile chake kilikuwa kidogo. Hakikufanana sana na Angela. Kilifanana zaidi na bati linalopigwa na upepo mbali, na alipokubali hivyo, jambo fulani kifuani mwake lililegea na kumwuma kwa wakati mmoja. Didace alipokuja na spana wakalifungua bomba, wakalibeba kwa pande mbili kama jeneza la mtoto, polepole, bila kulitikisa. Ndani yake nyumba nzima ilivuma, ikanyamaza, ikavuma.

Asubuhi walifunga bomba jingine, lililobaki kwenye mradi wa maji wa zamani. Mzee alipima mdomo wake kuhakikisha haupungui upana wa mdomo wa vali, akalielekeza kwenye mteremko pasipopita mtu, akakataza lisifunikwe kwa wavu, kitambaa wala kifuniko cha namna yoyote. Nyamizi alipewa kazi ya kulitazama kila asubuhi kabla ya kushika kiberiti.

Moto ukawashwa. Akina mama wa kikundi walikuwa wamekusanyika mlangoni, kwa maana habari za jana zilikuwa zimelala katika kila nyumba. Mzee alisimama mbele ya chombo, akawageukia. Alikuwa amevaa koti lake la Jumapili.

“Masikio yangu hayatoshi,” alisema. “Yameharibika tangu mwaka jana, nami sikumwambia mtu. Sauti ninayotakiwa kuisikia hapa siisikii, au naisikia ikiwa imechelewa. Sijui ni ipi kati ya hizo mbili. Tutajua leo.”

Mtu fulani nyuma alisema pole, kwa sauti ambayo haikumfikia.

Akamwita Nyamizi karibu na vali, akamweleza pumzi ya kwanza ni nini. Yeye Nyamizi asitazame geji, atazame ukuta. Akisikia uzi unachanika, aseme. Yeye mzee atatazama mshale, na kiganja chake kitakuwa juu ya bomba.

“Niseme nini?” aliuliza Nyamizi.

“Neno lolote fupi.”

“Nitasema Bibi.”

Akina mama wakacheka, na kicheko hicho kiliwasaidia wote. Mshale ulipanda kwa adabu. Mzee alilegeza springi kwa robo ya mzunguko, akangoja, akalegeza tena. Ukimya wa banda ulikuwa kama wa watu wanaongoja mgonjwa afumbue macho.

“Bibi,” alisema Nyamizi.

Mshale ulikuwa umepita alama kidogo. Kiganja cha mzee hakikuwa kimehisi kitu bado. Kilihisi baada ya pumzi mbili tatu, kisha vali ikafunguka kwa kishindo ambacho hata yeye alikisikia, na wingu jeupe likamiminika mteremkoni. Wakapunguza moto. Akalegeza tena kwa upana wa ukucha. Wakapandisha. Safari hii Nyamizi alisema neno lake mshale ukiwa kwenye alama ya bari moja, sawasawa. Wakarudia, wakarudia tena, na kila mara alama ilikuwa ileile.

Hapo mzee alifanya jambo ambalo Marsela alimsihi asilifanye. Alimwambia Nyamizi atazame geji, na yeye mwenyewe akageukia ukuta, akaondoa kiganja kwenye bomba, akaachiwa masikio peke yake. Ukuta ulikuwa na mstari wa masizi wenye umbo la mto. Aliufuata mto huo kwa macho kutoka chanzo chake mpaka ulipopotelea. Alisikia moto. Alisikia mvumo wake mdogo. Alingoja kwa moyo wote, kama alivyongoja karakanani akiwa kijana, na kitu chembamba kilipomfikia hatimaye, akainua mkono.

Aligeuka. Nyamizi alikuwa anautazama mshale, na uso wake haukutaka kusema.

“Sema, binti.”

“Umechelewa, mzee. Ilianza zamani. Nilidhani umeisikia, ukanyamaza makusudi kunipima.”

“Mshale ulikuwa umepita wapi?”

Akamwonyesha kwa kidole. Mzee aliinama akapatazama mahali pale kwa muda. Pengo hilo halikuwa kubwa. Lilitosha, kwa chombo kibovu zaidi ya hiki, kumfanya mtu azikwe.

“Vema,” alisema. “Sasa tumejua.”

Alikaza nati ya kufungia, akaivika vali kofia yake ya chuma, akapitisha waya kwenye matundu, akachukua koleo la lakiri. Marsela akauliza kwa hofu kama sheria itaikubali lakiri hiyo baada ya maneno yale. Mzee alijibu kwamba sheria inadai vali ifunguke kwenye alama, na ikaonekana na mkaguzi ikifunguka; imefunguka, ameiona, na aliyeisikia amesimama hapa. Lakini hatafunga lakiri nyingine baada ya hii. Akifika Mpanda atakwenda kwa waliompa kibali, atawaeleza, na vali alizozifunga tangu masika ya mwaka jana zitapimwa upya na mtu mwingine, moja baada ya moja, hata kama watamwona mzee wa hovyo. Mwaka ujao hapa atakuja fundi mwenye masikio. Wasimwambie kwamba wana wageni. Wamwambie wana nyuki.

Akabana koleo. Risasi ilipokea alama yake.

Marsela alimletea kibonge cha nta kilichofungwa kwenye jani la mgomba, na maneno mengi ya shukrani ambayo mengine aliyasikia. Nyamizi alikuwa bado kando ya chombo, hajaondoka, kilemba kimelegea.

“Mzee, na mimi masikio yangu yakizeeka?”

“Utamtafuta mwingine, umfundishe. Na utasema mapema. Usingoje kama mimi.”

Nyamizi aliitafakari kauli hiyo, akaitikia kwa kichwa taratibu. Kisha akainama, akasukuma kuni moja ndani ya tanuri, na nyingine, akasimama akiwa ameegemeza upande mmoja wa kichwa kuelekea vali. Mlangoni akina mama walikuwa wamekwisha kuanza kugombania ni ndoo ya nani itakayoyeyushwa kwanza, na Marsela akiwaamua kwa sauti yake ya kwaya.

“Mama Marsela, nyie wote, nyamazeni kidogo,” alisema Nyamizi. “Nasikiliza.”

Wakanyamaza. Mzee Anselmo naye, ambaye hakuwa na la kusikia, alivua kofia akasimama pamoja nao.